Mwanasayansi wa Hungaria aliyekuja kuwa mbunge

Umeuliza kama yupo mwanasayansi wa Hungaria aliyeingia siasa. Yupo: Albert Szent-Györgyi, mzaliwa wa Budapest, 1893. Jioni moja huko Szeged, mji wa Hungaria, mkewe alimwandalia pilipili hoho. Hakuwa na hamu nazo, akazipeleka maabara. Kumbe zimejaa vitamini C! Tuzo ya Nobel ikaja 1937. Mimi namheshimu zaidi kwa ujasiri wake: wakati wa vita alikwenda Istanbul kwa kisingizio cha kutoa mhadhara, akazungumza kwa siri na upande uliopigana dhidi ya Ujerumani. Hitler akaagiza akamatwe, akaishi mafichoni. Vita vilipoisha akawa mbunge, ila Wakomunisti walipobana akahamia Marekani 1947, akatafiti misuli na baadaye saratani pale Woods Hole, jimboni Massachusetts, alikofariki 1986.