Moto wa chini kwa chini Indonesia, wanauzimaje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Naona kwenye taarifa ya habari Indonesia inaungua mpaka moshi unafika Singapore. Hivi huko hawana faya? Na vijiji vyao vinafanya nini, au wanasubiri mvua tu? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Marahaba mwanangu. Faya wapo, tena wana kikosi cha misitu kinaitwa Manggala Agni, ila shida ni udongo wenyewe. Kule kwenye mikoa ya Riau na Kalimantan ya Kati sehemu kubwa ni mboji, yaani miti na majani yaliyolala kwenye kinamasi maelfu ya miaka bila kuoza yakaisha, na ikiloa haina neno lakini ikikauka inageuka kuni, moto unazama unafukuta huko chini, wewe juu unaona umezimika unaenda zako kulala, kesho unaibukia pembeni. Ndo maana maji ya helikopta peke yake hayatoshi, lazima watu wachomeke mpira wa maji wenye mdomo mrefu wa chuma ardhini mpaka pale pageuke tope.

Nani aliikausha? Mifereji. Kuanzia 1996 serikali ya Suharto, rais wao wa wakati ule, ilichimba mifereji kibao Kalimantan ya Kati ipate hekta milioni 1 za mpunga, mpunga wenyewe ukagoma, mifereji ikabaki inakamua kinamasi. Ikaja El Niño ya 2015, ambayo kwetu huleta mvua ila kule huleta ukame, zikaungua kama hekta milioni 2.6, Benki ya Dunia ikapiga hesabu ya hasara dola bilioni 16!

Baada ya hapo ndo wakashtuka. 2016 ikaundwa taasisi ya kurudisha maji kwenye mboji, mifereji ikaanza kuzibwa, na sheria inataka kwenye mboji inayolimwa maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 toka juu. Vijijini kuna vikundi vya kujitolea, Masyarakat Peduli Api, wanazunguka doria kiangazi na pampu zao, sehemu nyingine visima vimechimbwa kabisa kabla ya moto. Mkoa nao unatakiwa utangaze tahadhari mapema, maana tangazo ndo linafungua hela za dharura na helikopta za serikali kuu, na hapo mimi ndo naona pa kuwabana viongozi, sio kwenye picha za kumwaga maji.

Ila hilo la mvua hujakosea sana. 2015 pamoja na wanajeshi na ndege zote zile, moto ulikuja kutulia mvua ziliporudi mwishoni mwa Oktoba.