Uliza Mwalimu wa Lugha: Sentensi anazijua, mbona hazimtoki?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikikutana kila jioni, kwa nusu saa, na mwenzangu wa kazini ambaye lugha yake ya kwanza ni Kichina, ili tufanye mazoezi ya Kiingereza. Ana daftari la sentensi za kila siku. Hunisomea ishirini kila tunapokutana, nami humsahihisha. Akiandika hakosei sana, na maneno anayoyajua ni mengi kuliko yangu. Lakini tukifunga daftari, nikamwomba anisimulie siku yake ilivyokwenda, husema "Yesterday I go to bank"; mke wake humwita "he"; na nikimuuliza "You didn't go?" hujibu "Yes", kumbe hakwenda. Je, huu ni uzembe? Na je, nimsahihishe kila anapokosea, au nimwache aseme tu?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Kwanza nakuomba uliondoe kabisa neno uzembe katika jambo hili. Tangu mwaka 2001 sera ya elimu ya China imeelekeza Kiingereza kianze kufundishwa darasa la tatu la shule ya msingi, na katika gaokao, yaani mtihani wa kuingia chuo kikuu, lugha ya kigeni ni somo la lazima, ambalo kwa walio wengi ni Kiingereza. Hata hivyo, mtihani huo hupima zaidi kusoma, kusikiliza na kuandika. Wachina wenyewe wana jina la matokeo yake: yǎba Yīngyǔ, Kiingereza cha bubu. Macho na mkono wa mwenzako vimefanya kazi kwa miaka mingi, ila kinywa chake hakikupewa zamu, na zamu hiyo ndiyo unayompa wewe kila jioni.

Ama kuhusu "Yesterday I go", sababu yake imo ndani ya Kichina chenyewe. Sisi tunasema nilikwenda, ninakwenda, nitakwenda, na wakati tunaubeba ndani ya kitenzi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki: qù ni "kwenda" jana, leo na kesho, na kazi ya kutaja wakati hufanywa na neno kama zuótiān, yaani jana. Kwa hiyo mwenzako anaposema "yesterday", akilini mwake wakati umekwisha kutajwa, na kubadilisha kitenzi baada ya hapo ni kama kulisema jambo moja mara mbili. Wengi wanaojifunza Kichina huambiwa kwamba kijineno le ndicho alama ya wakati uliopita, na maelezo hayo huwapoteza, kwa sababu le huonyesha kwamba tendo limetimia, hata kama litatimia kesho. Mchina huweza kusema míngtiān wǒ chī le fàn jiù qù, maana yake "kesho nikishakula nitakwenda". Msomaji wa Kiswahili anaielewa tofauti hii kwa urahisi, kwa kuwa hiyo "-kisha-" yetu nayo huzungumzia kutimia kwa tendo, haizungumzii jana.

Lakini kuna chanzo cha pili ambacho walimu wengi hukisahau, nacho ni ulimi. Silabi ya Kichina sanifu, yaani Mandarin, huishia kwenye irabu, au kwenye n, ng, na wakati mwingine sauti ya r, basi. Mtu aliyekulia katika sauti hizo akikutana na "worked" au "asked", ile "-ed" humponyoka hata kama kanuni anaijua vizuri. Ndiyo maana ninakushauri umpime kabla hujamsahihisha. Mwombe atumie vitenzi vinavyobadilika umbo lote, kama "went", "saw", "came" na "ate". Akivipatia vyote na kuziacha "-ed" peke yake, tatizo liko mdomoni. Akisema "go", kama ulivyoandika, bado hajazoea kufikiria wakati ndani ya kitenzi, na hapo ndipo pa kuanzia. Chukueni vitenzi vinane tu, vile ambavyo mtu hawezi kusimulia siku yake bila ya kuvitumia: "went", "came", "saw", "ate", "said", "bought", "had", "did". Kwa wiki mbili asimulie jana yake kwa vitenzi hivyo kila jioni, hata masimulizi yakifanana. Baada ya hapo ndipo mgeukie "-ed", nayo ifundishwe mbele ya neno linaloanza kwa irabu, kwa mfano "I worked all day", ili ile sauti ya mwisho ihamie kwenye neno linalofuata na kutamkwa kama "work-tall day". Ulimi wa Mchina huiweza t inayoanza silabi bila shida yoyote. Kinachomlemea ni t inayoifunga.

Kosa la "he" na "she" unapaswa kulielewa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu Kiswahili nacho husema "yeye" kwa mume na kwa mke. Katika mazungumzo ya Kichina neno ni moja, tā. Tofauti ipo katika maandishi tu, 他 kwa mwanamume na 她 kwa mwanamke, na hata matumizi hayo ya herufi ya kike yalianza mwanzoni mwa karne ya 20. Haishangazi, basi, kwamba mwenzako haikosei karatasini, ambako ana nafasi ya kutazama, lakini anaikosea mdomoni, ambako akili yake haijawahi kuulizwa kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke kabla ya kumtaja. Mpe picha moja yenye mwanamume na mwanamke, umwambie aeleze kila mmoja anafanya nini, kwa zamu, bila kutumia jina la mtu: "She is cooking, he is reading, she is calling him." Sentensi inayowataja wote wawili ndiyo ngumu zaidi, nayo ndiyo yenye faida. Nawe jichunge, kwani wazungumzaji wa Kiswahili huteleza papo hapo, na pengine mmekwisha kupita juu ya makosa kadhaa bila yeyote kati yenu kuyasikia.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu "Yes" yake. Ukimuuliza Mswahili "Hukwenda?" naye hakwenda, huweza kujibu "Ndiyo, sikwenda", maana anakubali kwamba ulivyosema ndivyo. Kichina nacho hujibu hivyo, kwa duì, yaani "ni kweli". Kiingereza hakitazami maneno ya muulizaji, hutazama tendo: tendo halikufanyika, jibu ni "No". Mwambie kwamba neno la kwanza lazima lifanane na kitenzi kinachofuata: "No, I didn't", au "Yes, I did". Kwa muda asikubali kujibu kwa neno moja. Akisema sentensi nzima atajisikia mwenyewe pale "Yes" inapogongana na "didn't".

Sasa nije kwenye lile daftari, maana hapa ndipo ninapotofautiana na utaratibu wenu. Sentensi ishirini kwa nusu saa ni nyingi mno, na kuzisoma ni kurudia kile kile alichofanya shuleni. Zipunguzeni ziwe tano. Kila moja aisikie kwanza kutoka kwako bila kuiona, aiseme, kisha mbadilishe kipande kimoja kimoja mpaka iwe mali yake. Tuseme sentensi ni "I usually take the bus to work". Wewe unasema "my sister", naye lazima atoe "My sister usually takes the bus to work". Unasema "yesterday", naye analiacha "usually" na kutoa "took". Kisha unamtaka aigeuze kuwa swali, na hapo utaona kazi ilivyo, kwa sababu Kichina huuliza kwa kuweka ma mwishoni mwa sentensi, au kwa kuacha neno la kuuliza mahali pake, nǐ qù nǎr, kama sisi tusemavyo "Unakwenda wapi?" bila kuhamisha chochote. Ile "do, does, did" inayojitokeza mbele ya swali la Kiingereza haina mwenzake katika lugha yake wala katika yako. Kwa hiyo katika kila sentensi tano, mbili ziwe maswali, naye ndiye aulize, nawe ujibu kwa ukweli. Mwanafunzi anayejibu tu hajifunzi kuuliza, na maisha ya kila siku yamejaa kuuliza.

Tena, sentensi hizo ziwe zimechukuliwa nzima kutoka kwa wazungumzaji, zisitafsiriwe. Kichina husema kāi dēng, "fungua taa", ndiyo maana utasikia "open the light" mahali pa "turn on the light". Dawa, katika Kichina, "huliwa". Sisi tunaimeza au tunainywa. Waingereza "wanaichukua", "take medicine". Hakuna kanuni itakayomwongoza hapo. Aupokee mkupuo wote wa maneno kama ulivyo.

Kuhusu kusahihisha, chagua kosa moja kwa jioni moja na umwambie mapema ni lipi. Mengine yaache yapite. Akikosea lile mlilokubaliana, mwache amalize wazo lake, kisha umrudishie ndani ya mazungumzo: "Oh, you went to the bank. Why did you go?" Jibu lake litamlazimu kulitumia umbo sahihi, "I went because…", na umbo alilolitumia mwenyewe kujibu jambo la kweli hukaa kuliko lile aliloambiwa arudie.

SWALI: Mimi ni mzungumzaji wa Kichina, Kiswahili nimejifunza ukubwani. Ninapozungumza Kiingereza watu huniambia ninaonekana kama ninaamrisha au nimekasirika, ingawa moyoni nina adabu zote. Ninakosea wapi?

JIBU: Hongera kwa Kiswahili chako, na usihuzunike, kwa sababu adabu unayo ila imebaki katika lugha nyingine. Katika Kichina hulainisha ombi kwa qǐng, yaani "tafadhali", mwanzoni, kwa kijineno ba mwishoni, au kwa kukirudia kitenzi, kàn kan, yaani "tazama kidogo". Ukivuka kwenda Kiingereza, ba haina pa kuingia, marudio hayafai, na kinachobaki ni "please" pamoja na amri: "Please wait", "Please give me the file". Kwa sikio la Kiingereza hiyo bado ni amri, ingawa imevaa vizuri. Kiingereza hulainisha kwa kuuliza, kama Kiswahili kinavyolainisha kwa "naomba" na "unaweza kunisaidia?". Jizoeze maumbo mawili mpaka yatoke bila kufikiri: "Could you…" unapomwomba mtu afanye jambo, na "Could I have…" unapotaka kupewa kitu.

Lipo neno moja nakusihi uliache kwa sasa, nalo ni "You had better". Vitabu vingi hulilinganisha na zuì hǎo, yaani "ni bora", nawe hulitumia kama ushauri wa upole, kumbe kwa Mwingereza lina harufu ya onyo, kana kwamba asipofanya yatamkuta. Sema "Maybe you could…" au "It might be good to…".

Tena ipo toni. Maneno mafupi ya Kiingereza kama "No", "Yes" na "What" wengi wenu huyatamka kwa toni ya nne, ile inayoanguka kwa ghafla, na huo mwanguko ndio unaosikika kama hasira. Usiliache "No" peke yake. Sema "No, not yet", au "No, I'm afraid not", na uyatamke maneno yote kwa mkondo mmoja, sauti ishuke polepole mwishoni tu.

SWALI: Je, ni lazima anayezungumza Kichina aondoe lafudhi yake ndipo Kiingereza chake kieleweke?

JIBU: Si lazima hata kidogo, na ningesikitika kumwona mtu akipoteza miaka kwa hilo. Anachohitaji ni kutofautisha maneno yanayoweza kuchanganywa. Anza kwa kujua anatoka wapi, maana Kichina ni jamii ya lugha. Mzungumzaji wa Kikantoni ana p, t na k mwishoni mwa silabi, ingawa hazipasuki, yaani mdomo hufunga bila kuiachia pumzi; wa Kichina sanifu hana; na katika baadhi ya maeneo, kama Sichuan, n na l huchanganywa. Ikiwa anayemsaidia ni Mswahili, basi ana bahati, kwa kuwa sauti ya "think" imo katika "thelathini", ya "this" imo katika "dhahabu", na v isiyokuwamo katika Kichina sanifu imo katika "viti". Amwonyeshe kwa maneno hayo ulimi unavyokaa kati ya meno, na kwa v, meno ya juu yanavyogusa mdomo wa chini.

Kwa konsonanti za mwisho, asijilazimishe kuzipigia kelele, kwani ataishia kuongeza irabu, kama sisi tulivyofanya tulipopata "benki" na "shati". Afanyie kazi urefu wa irabu iliyo kabla yake. Katika "bag" irabu ni ndefu kuliko katika "back". "Bed" ni ndefu kuliko "bet". "Eyes" ni ndefu kuliko "ice". Msikilizaji Mwingereza hutegemea sana urefu huo, hata pale konsonanti yenyewe isiposikika vizuri. Msomeeni maneno hayo akiwa amewapa mgongo, anyooshe kidole kwenye lile alilosikia, kisha mbadilishane nafasi, yeye aseme nanyi mnyooshe kidole.