Kabla ya fimbo, mpime mama macho

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye Mbagala Kizuiani. Tangu mfungo wa Ramadhani ameanguka mara mbili, zote akishuka barazani kwenda uani, wakati wa magharibi. Majirani wanasema ni uzee, miguu imeisha nguvu. Miwani anayo, ile yenye sehemu ya kusomea chini, na haivui. Nimnunulie fimbo?
Binti wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Umpe mama pole yangu. Fimbo si mbaya, lakini niambie kwanza: akimimina chai, humwagika nje ya kikombe? Hupapasa kizingiti kwa mguu kabla ya kukanyaga? Nilipokuwa muuguzi wa macho, hilo la chai ndilo nililowauliza wengi. Anayekosea umbali wa kikombe atakosea na kina cha ngazi.

Unasema anaanguka akishuka, tena giza likiingia. Hapo nayashuku macho. Ile sehemu ya chini ya miwani ni ya kitu kilicho karibu, kama sentimita 40 kutoka usoni. Akitazama ngazi hupitishia macho hapo hapo, na ngazi iko mbali zaidi ya mita moja, basi ukingo unakuwa ukungu mtupu. Na nyumba zetu unazijua: baraza saruji, ngazi saruji, ua saruji. Jicho la umri wake huchelewa kuzoea giza, na kama lina mtoto wa jicho, hata taa kali humtawanyikia tu.

Mpeleke akapimwe macho yote mawili, pamoja na presha ya macho, maana hiyo hula uoni wa pembeni kimyakimya mpaka mtu anajikwaa kwenye kigoda kilicho kando yake. Muhimbili wanapima, na CCBRT kule Msasani. Uliza kuhusu miwani ya pili, ya kutembelea, ya kuonea mbali tu. Akipewa namba mpya, mshike mkono siku za mwanzo, kwani ardhi itamwonekea imepanda au imeshuka mpaka azoee. Matone ya kubahatisha ya duka la dawa, tafadhali, usimtie. Mengine yana steroidi, na hizo zinaweza kupandisha presha ya jicho.

Leo hii paka rangi nyeupe au njano kwenye ukingo wa kila ngazi, upana wa vidole vitatu. Taa ya njia ya choo iwake kabla ya adhana ya magharibi, na tochi awe nayo kitandani kwa ajili ya umeme kukatika. Kandambili zilizolika, tupa.

Marehemu mama yangu, kule Tandika, tulimkanda miguu kwa mafuta ya nazi miezi mingi. Kumbe jicho la kulia lilikuwa halioni kitu. Alivunjika nyonga kwenye mtaro aliouvuka kila siku kwenda sokoni. Mpaka leo linaniuma, ndiyo maana nakusisitizia: mpeleke wiki hii. Fimbo mtanunua mkirudi.