Mpingo uwe ubao wa vidole, mwili uwe mninga

Ndugu wa Tanga unayetaka kuchonga gitaa la besi kwa gogo la mpingo, usilichonge gitaa zima. Mwili peke yake utakuwa mzito mno, na bega litakudai. Mwili uchonge kwa mninga mkavu, unene milimita 40. Mpingo upasue ubao wa vidole (ule wa juu ya shingo, unapobonyezea nyuzi) wa milimita 10, paka nta kwenye ncha zote mbili, kaushia kivulini miezi kadhaa, ndipo upige randa hadi milimita 6. Ukiuanika juani utapasuka tu. Kabla ya gundi ya epoksi futa kwa asetoni. Mafuta ya mpingo huikataa gundi. Nyuzi za besi zenye urefu wa milimita 864 zinavuta sana, kwa hiyo shingo iwe na chuma cha kurekebishia mpindo ndani. Vumbi la mpingo linawasha, vaa barakoa. Kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) cha gogo unacho?