Gari jeusi lenye mikwaruzo ya mviringo: usilipige polishi kila mwezi

Ndugu, umeuliza kuhusu gari lako jeusi ulilolitoa bondi, yaani yadi ya magari ya kuagizwa, huko Nakawa, Kampala. Linaoshwa kila wiki, lakini jua likipiga boneti unaona mikwaruzo myembamba ya mviringo, na paa limeanza kufifia. Fundi amekwambia ulipige polishi ya mashine kila mwezi. Usikubali. Mikwaruzo hiyo inaletwa na namna gari linavyooshwa, na polishi ya kila mwezi itaimaliza rangi yenyewe.

Anza na unene. Juu ya bati kuna praima, kisha rangi, kisha klia, ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Kwenye gari la kiwandani vyote pamoja ni kama mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 40 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina mikroni 100 hivi, kwa hiyo klia yako ni nusu ya karatasi. Kampaundi kali, ile polishi yenye chembe za kukwangua, huondoa mikroni kadhaa kila inapopita, na kilichoondoka hakirudi. Ndani ya klia ndimo mlimo na dawa inayozuia miale ya jua. Ikishakuwa nyembamba, jua letu la ikweta linaloshuka wima linaanza na paa na boneti: rangi inapauka, kisha klia inabanduka vipande vyeupe. Tena gari lililotumika Japani kwa miaka kumi na kitu huenda lilishapigwa polishi kabla hujaliona, kwa hiyo usidhani bado una mikroni zote.

Mikwaruzo inatoka kwenye vumbi. Vumbi jekundu la murram lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko klia. Ukizisugua zikiwa kavu, au kwa sponji iliyotoka kwenye tairi, kila chembe inachora mstari wake. Kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari utakuta sponji moja inapita rimu, bampa na boneti, ikianguka chini inaokotwa na kazi inaendelea. Kibaya zaidi ni kupangusa kavu. Kama askari wa getini anakufutia gari kila asubuhi kwa kitambaa, mshukuru na umwombe aache. Gari lenye vumbi haliumii likisimama, linaumia likifutwa.

Osha hivi. Liweke kivulini mpaka boneti ipoe kabisa. Ukiigusa kwa mgongo wa mkono usisikie moto. Mwaga maji mengi kwanza kabla ya kugusa chochote, ukianzia ndani ya matao ya magurudumu na chini ya milango, maana tope liko huko. Mashine ya presha ni nzuri, ila tumia mdomo unaotawanya maji na uushike sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye bodi. Pale klia ilipoanza kuinuka, presha ya karibu inaibandua mbele ya macho yako. Kama huna mashine, jerikani mbili za lita 20 na keni ya kumwagilia bustani zinatosha.

Kisha ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu. Shampuu nyingi zinataka mililita 20 hadi 30 kwa lita 10, lakini soma chupa yako. Tumia glavu ya maikrofaiba badala ya sponji, kwa sababu nyuzi zake zinameza chembe wakati sponji inazikokota juu ya rangi. Anza paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango. Nusu ya chini na bampa ya nyuma ziwe za mwisho, na rimu ziwe na kitambaa chao kisichogusa bodi kamwe. Kila ukimaliza kipande kimoja, suuza glavu kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Suuza, halafu tandaza taulo kubwa la maikrofaiba na ulivute taratibu. Usiache gari likauke lenyewe, hasa ukitumia maji ya kisima cha pampu, kwa kuwa chokaa inabaki na jua linaichomea kwenye klia. Madoa hayo yakishatokea, changanya siki nyeupe na maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, kwa kipimo sawa. Weka kwa dakika moja kivulini kisha suuza vizuri.

Sabuni ya unga haitakula rangi kwa siku moja, ila inavua nta yote na kukausha raba za madirisha. Mwambie muoshaji aiweke pembeni, umpe chupa yako. Na dizeli wanayopaka ili tairi na plastiki zing'ae, ikatae: inaharibu mpira na inanasa vumbi la barabara nzima.

Sasa kuna maadui wa hapa kwetu. Kinyesi cha kalooli, yule korongo mkubwa wa majalalani, ndicho kibaya kuliko vyote, na miti ya Kampala imejaa ndege hao. Kina asidi, na ni kingi kwa mara moja. Boneti ikipata moto klia inalainika na kutanuka. Ikipoa inajikaza kuzunguka kile kinyesi, na alama inabaki hata ukishaosha. Kwa jua la mchana saa chache zinatosha, kwa hiyo usisubiri Jumamosi. Weka kwenye buti chupa ya nusu lita yenye maji na matone ya shampuu, pamoja na vitambaa viwili safi. Lowanisha kitambaa, kilaze juu ya kinyesi dakika tano hadi kumi, kinyanyue bila kusugua, kisha futa kwa kile cha pili. Usubi wa ziwa unaojaa mbele ya gari ukitembea usiku upande wa Entebbe unatolewa kwa njia hiyo hiyo, mapema, kabla haujakauka. Utomvu wa fenesi hausikii maji wala sabuni. Upake mafuta ya kupikia, acha dakika chache, futa, kisha osha kwa shampuu. Lami mbichi inatoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, na papo hapo uoshe.

Baada ya kuosha, ingiza mkono kwenye kaveera jepesi (mfuko wa plastiki) na upapase boneti. Ukisikia vijipele, kuna uchafu uliong'ang'ania ambao shampuu haiutoi. Hapo tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi. Kata gramu 50, lowanisha bodi kwa maji ya shampuu yenye utelezi, pitisha bila nguvu mpaka mkono uteleze, na uukunje kila unapochafuka. Ukianguka chini, tupa. Mchanga ulioingia humo hautoki. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Polishi ya mashine ifanywe mara moja tu, baada ya kurekebisha uoshaji, la sivyo mikwaruzo itarudi mwezi ujao. Kwanza jaribu kwa mkono mahali pasipoonekana, kwa polishi nyeupe na kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hapo hakuna klia, ama haikuwepo tangu mwanzo ama imeshaisha. Mwombe fundi atumie mashine yenye mwendo wa mviringo unaotikisika, si ile inayozunguka tu. Hiyo ikikaa mahali pamoja inachoma, hasa kwenye kingo ambako rangi ni nyembamba. Aanze na polishi laini, matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere, kwenye eneo la sentimita 50 kwa 50, kisha muangalie pamoja kwa tochi. Kama asilimia kubwa ya mikwaruzo imetoka, asimame hapo. Mistari mirefu inayokwama ukucha usiifukuze, maana kuimaliza ni kuimaliza klia.

Kisha ifunike siku hiyo hiyo. Nta ya karnauba inapendeza sana kwenye jeusi, lakini kwa joto letu ihesabu wiki sita hadi nane. Silanti, yaani kinga ya kemikali inayopakwa kama nta, inafika miezi minne au zaidi, na kwa mtu anayepaki juani mimi ningechagua hiyo. Mililita 20 hivi zinaenea gari dogo zima. Ukipaka nene hupati kinga zaidi, unapata kazi ya kufuta tu. Pitisha kidole: ikifutika safi bila kuburura, ndipo ufute yote. Ifunike rangi kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Septemba. Koti la seramiki ni zuri kama rangi chini yake ni nzima, ila ile 9H kwenye boksi ni kipimo cha ugumu kinachopimwa kwa penseli, haizuii kokoto wala mikwaruzo ya kitambaa kichafu.

Paa lako ndilo linaloamua mengine. Kama limefifia tu bila kubanduka, polishi laini na silanti zitalirudisha. Kama ukucha unanyanyua vipande, hakuna nta itakayosaidia. Ni kupiga msasa na kupaka rangi na klia upya. Namba ya rangi, kama ni Toyota, mara nyingi iko kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mstari wa C/TR. Piga picha ya paa karibu, saa sita mchana, uiweke hapa tuone.