Kuhama Publisher kabla ya Oktoba 2026

Ndugu, nimekuelewa: steshenari yako ina mafaili ya miaka mingi ya Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa za kuchapa: kadi za harusi, kadi za michango na vitabu vya risiti, na umesikia programu inaondolewa. Ni kweli. Baada ya Oktoba 2026 Microsoft haitaihudumia tena, na wanaolipia Microsoft 365, yaani programu za Microsoft za kulipia kwa mwezi au mwaka, hawataweza hata kufungua mafaili hayo.

Usikimbilie kununua programu mpya. Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha geuza kuwa PDF kazi zote ulizokwisha kukabidhi. Zinazobadilishwa mara kwa mara ndizo za kuhangaikia. PDF ukiifungua kwa Word inaharirika, lakini mpangilio huvurugika, hasa kadi zenye picha nyingi. LibreOffice Draw ni programu ya bure ya kuchora na kupanga kurasa, na hufungua mafaili ya Publisher moja kwa moja; ningeanza nayo, nikikagua fonti na kingo.

Linalosahaulika ni namba za risiti. Kama unazivuta kutoka orodha ya Excel, Word nayo hufanya hivyo, ila chapa nakala za majaribio kwanza. Namba ikijirudia, hesabu za mteja wako zinaharibika.

Tafadhali usipakie kadi zenye majina na namba za simu za watu kwenye tovuti za kugeuza mafaili bure. Kama mafaili ni maelfu, mlipe fundi wa programu ayageuze kwa mkupuo, Publisher ikiwa bado inafanya kazi.