Mbegu gani hii? Majibu kwa wenye makopo yasiyo na majina

Masika yanakaribia na watu wamefungua makabati. Maswali yaliyokuja safari hii karibu yote ni wimbo mmoja: nina mbegu, sijui ni za nini. Nimechukua machache, mengine yanarudia.

Shikamoo bwana shamba. Nimekutumia picha ya mbegu nyeusi, naomba uniambie ni za nini. (Msomaji, Sakina)

Marahaba. Ulichonitumia ni kiganja chenye vidoti. Mbegu ya mchicha nyeusi, ya kitunguu nyeusi, na zipo za sumu nyeusi vilevile. Mimi si mpiga ramli. Zimwage kwenye karatasi nyeupe, weka sarafu pembeni nione ukubwa, piga picha mchana nje ya nyumba, halafu uniambie zimetoka wapi: ndani ya tunda, kwenye ganda, au ulipimiwa sokoni? Hilo la mwisho hunisaidia kuliko picha yenyewe. Kwa sasa chukua hili: zikiwa ndogo sana, bapa kidogo na zinang'aa, yaelekea ni mchicha. Zikiwa na pembe pembe na mikunjo, ni kitunguu au liki. Zikiwa ndogo, zimejiviringa na zinakwaruza ukizisugua kidoleni, fikiria mgagani.

Mama mkwe alinipa mbegu kwenye bahasha, ameandika "mboga" tu. Ni za mviringo, rangi ya kahawia iliyoiva. Ni kabichi au sukuma wiki? (Mama Junior, Usa River)

Mpigie mama mkwe simu.

Asipokumbuka, jua kwamba kwa macho hutafika popote, na mimi pia sitafika. Kabichi, sukuma wiki, brokoli na koliflawa ni mmea wa spishi moja, watu tu ndio waliochagua mmoja kwa majani, mwingine kwa kichwa, mwingine kwa maua. Mbegu zao ni zilezile. Loshuu na Chinese, mboga nyingine za majani, ni ndugu wa karibu na mbegu zao nazo ni za mviringo hivyo hivyo. Hata zikiota, majani mawili ya kwanza yote yana umbo la moyo, kwa hiyo asikudanganye jirani anayekuja kusimama juu ya kitalu na kukuambia "hii kabichi, naijua".

Sia kidogo kwenye kitalu, usitumie bahasha nzima. Subiri majani ya kweli, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza, yafike manne au matano. Jani la kijani mbichi lisilo na unga wa nta lakupeleka upande wa Chinese. Jani zito, la kijani cha kuelekea bluu, ambalo maji yanateleza juu yake, ni kabichi au jamaa zake, na hapo utangoja tena uone kama linafunga kichwa. Na kama mama mkwe alivuna mbegu hizo mwenyewe kwenye shamba lililokuwa na aina mbili za spishi hiyo zikichanua pamoja, nyuki wameshazichanganya. Utapata kitu kinacholika, ila usitegemee kichwa cha kupeleka soko la Kilombero.

Kinachoniudhi ni kwamba tunaishi jirani na Tengeru, penye kituo cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, cha utafiti wa mazao ya bustani, na World Vegetable Center nao wako hapa Arusha na benki ya mbegu za mboga zetu za asili. Mbegu kule huwekewa namba, mahali ilipotoka na tarehe. Sisi nyumbani tunashindwa kubandika kipande cha karatasi kwenye kopo la Blue Band.

Nilichanganya kwa bahati mbaya mbegu za nyanya, hoho, bilinganya na ngogwe (nyanya chungu). Nitazitenganishaje? (Msomaji, Pasua, Moshi)

Nyanya ndiyo yenye manyoya mafupi, hasa kama uliikausha mwenyewe. Hoho ni bapa, pana, rangi ya krimu. Bilinganya na ngogwe usihangaike nazo, ziache ziote. Na usionje! Kama yoyote ilitoka dukani huenda ilipakwa dawa.

Spinachi: nilifukia mbegu moja, ikatoka miche mitatu. Mbegu za ajabu? (Msomaji, Njiro)

Hapana. Kile ni kishada cha mbegu kadhaa kwenye gamba moja. Punguza miche, bakiza mmoja. Bitiruti ni vivyo hivyo, maana spinachi yetu hii ya sokoni na bitiruti ni spishi moja. Miche ikitoka na shina jekundu, kuna uwezekano uliuziwa bitiruti.

Karoti zimejiotea zenyewe kando ya uzio, sikupanda. Majani ni ya karoti kabisa. Nizihamishie kwenye tuta? (Baba Irene, Ngaramtoni)

Usiziguse kwa mikono mitupu! Swali hili nililijibu mwaka jana na nitalijibu tena mwakani, kwa sababu gugu karoti limejaa kando ya barabara zetu. Vaa glavu, ponda jani: karoti hunukia karoti. Gugu karoti halina harufu hiyo, jani lake lina vinyweleo, na likikua hutoa vichwa vidogo vyeupe vilivyotawanyika, si mwavuli mmoja mpana kama ua la karoti. Huwasha ngozi, huamsha pumu, na ng'ombe akilila maziwa huharibika ladha. Mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, basi ling'oe kabla halijachanua, umevaa glavu na mikono mirefu. Wewe uko Ngaramtoni, makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yako hapo hapo kwenu. Peleka tawi ndani ya mfuko uliofungwa.

Na samadi unayonunua, uliza ng'ombe walilishwa nini. Mbegu nyingi "zinazojiotea" huja na samadi.

Watoto wameokota matunda ya kijani yenye miiba, ndani yamejaa mbegu. Zinafanana na za hoho ila ni nyeusi. Tupande? (Mama Glory, Kiboriloni)

Huo ni mnanaha, wenye maua marefu meupe yaliyopanuka mdomoni. Ni ukoo mmoja na hoho lakini mmea wote ni sumu, na mbegu ndizo kali zaidi. Osha watoto mikono sasa hivi. Mtoto akikauka mdomo, mboni za macho zikapanuka, akaanza kuweweseka, nenda hospitali na ubebe tunda lenyewe. Usimpe maziwa ukingoje.

Mahindi ya mbegu yamebaki, yana rangi ya waridi. Nioshe niwape kuku?

Hapana. Hiyo rangi ni alama kwamba yamepakwa dawa yenye sumu, imewekwa ili usiulize.

Kuna programu ya simu ya kutambua mbegu?

Zipo za mimea, na hufanya kazi vizuri kiasi ukipiga picha ya jani na ua. Kwa mbegu peke yake hubahatisha, tena kwa kujiamini.

Dada yangu anakuja kutoka Ujerumani, ataniletea mbegu za maua kwenye begi. Hazina jina ila ni nzuri sana. (Msomaji, Machame)

Mwambie aziache huko. Mbegu kuingia nchini zinataka kibali na cheti cha afya ya mimea, na isiyo na jina haiwezi kuandikiwa cheti. Mwaka 2020 watu wengi Marekani walipokea kwa posta pakiti za mbegu wasizoagiza, na serikali yao ikawaambia wasizipande. Gugu karoti nalo si la kwetu, lilikuja. Dada alete chokoleti.